Tangazo la Saa ya Maghribi

Mume wangu Jaffar si mwongo. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu Mji wa Kale watakaokwambia vingine. Ana duka la vifungo, zipu na nyuzi pale Makadara, na mteja akimletea kitambaa cha zambarau akitaka uzi wa kukifuata, Jaffar atamwambia huu haufanani, nenda pale kwa jirani, na jirani mwenyewe humcheka. Mtu wa namna hiyo uongo haumkai. Ila katika miaka thelathini ya ndoa yetu amekuwa na jambo moja ambalo kila akilihadithia mimi hutazama dari.

Jambo lenyewe ni kwamba alipokuwa na miaka tisa alitokea kwenye televisheni, katika tangazo la Biskuti Johari.

Mwenyewe hulieleza hivi. Mjomba wake Abdulhadi, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori lililoleta biskuti hizo kutoka Nairobi. Skuli zilipofungwa akamchukua Jaffar safari. Kule kiwandani wakakuta watu wa kamera wamekaa na nyuso ndefu, maana mtoto waliyemwandaa alikuwa ameamka na matumbwitumbwi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo Jaffar alikuwa na kanzu yake na kofia yake, safi. Wakamtazama, wakatazamana, wakamweka mezani mbele ya kikombe cha chai. Akachovya biskuti, akala, akasema, "Tamu mpaka chembe ya mwisho." Wakampa maboksi mawili, akarudi Mombasa.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyeliona tangazo hilo. Na ujue kizazi chetu hakikupitwa na tangazo. Televisheni katika kichochoro chetu ilikuwa moja tu, nyumbani kwa Bi Khursheed, na kila jioni tulikaa watoto kama ishirini juu ya jamvi lake, viatu tumevirundika mlangoni. Vipindi tulivipenda, lakini matangazo tuliyahifadhi. Kulikuwa na Sabuni ya Povujema, mama mmoja akifua shuka huku mumewe akimsifu kutoka dirishani, jambo ambalo mama zetu walisema halijawahi kutokea duniani. Kulikuwa na dawa ya meno ya Lulu. Na kulikuwa na dawa ya mbu ya Zimwi, ambayo katika tangazo lake mbu wa kuchorwa walianguka mmoja mmoja miguu juu, na wa mwisho akaaga kwanza ndipo akafa. Tukitoka nje tulikuwa tukiyaigiza yote. Mimi nilikuwa mbu wa mwisho, na nilikuwa na uwezo wa kufa kwa dakika mbili nzima bila kurudia pozi.

Basi Jaffar aliporudi na maboksi yake akatutangazia kwamba ataonekana, tulimngoja. Tukangoja wiki, tukangoja mwezi, tukangoja mpaka biskuti zenyewe zikamalizika kuliwa. Hakuonekana. Yazid, mtoto wa nyumba ya pili, akampa jina la Jaffar Biskuti, na jina hilo likamganda. Hata siku ya harusi yetu, nimekaa na hina yangu, niliwasikia wanawake wakinong'onezana, "Kaolewa na Biskuti."

Mimi nilimpenda pamoja na uongo wake. Nilijiambia kila mwanamume ana wake mmoja. Marehemu baba yangu alikuwa akidai aliwahi kumkaba chatu, na mama hakumjibu neno mpaka siku ya kufa kwake.

Kilichotibua mambo ni skuli ya Hanin. Hanin ni mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu Aya, ana miaka saba, na siku za skuli hukaa kwetu. Jumatatu iliyopita mwalimu wao alimtaka kila mtoto aeleze jambo la fahari kuhusu babu au bibi yake. Hanin akasimama akasema babu yake aliwahi kuonekana kwenye televisheni. Mjukuu wa Yazid, aliye darasa hilohilo, naye akasimama, akasema babu yake yeye husema maneno hayo ni ya uongo na mtaa wote wajua. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu, kwa kutaka kutuliza, akasema basi Hanin alete ushahidi siku ya Ijumaa.

Hanin hakulia. Ningefurahi lau angelia. Alivua viatu, akatundika mkoba, akaja akasimama mbele ya Jaffar, niliyekuwa naye kwenye chakula cha mchana.

"Babu, ile ya biskuti ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Apa."

"Wallahi ni kweli."

Akanigeukia mimi. "Na weye, Bibi? Waamini?"

Jibu jepesi lilikuwa hapo hapo, la neno moja, na mambo yangekwisha. Lakini mtoto alikuwa akinitazama machoni, nami nikanyamaza. Sikunyamaza sana, labda muda wa kumeza tonge, lakini ulitosha. Hanin akainamisha kichwa. Jaffar akarudisha tonge lake sahanini, akanawa mikono, akasema polepole, "Miaka thalathini, Ruweida." Akavaa kofia yake akarudi dukani kabla ya wakati.

Nisifiche, mwanzo nilimkasirikia yeye. Mtu mzima na biskuti zake. Kisha nikiwa nasugua masufuria nikajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ya pili ilikuwa kali zaidi. Kama ni mwongo, na nijue kwamba nimeolewa na mwongo, nimalizane naye. Kama ni mkweli, basi nimemdhulumu mume wangu maisha mazima, tena mbele ya mjukuu wake. Kukaa katikati ndiko kusikowezekana tena.

Nikampigia simu Aya kwanza. Akatafuta mitandaoni alasiri nzima. Akaniambia kiwanda cha Johari kilifungwa kabla yeye hajazaliwa, na kwamba kwenye simu yake kuna matangazo ya zamani ya kila aina, hata ya mafuta ya taa, ila biskuti hakuna. Jumanne nikavaa buibui nikaenda kwa Bi Khursheed.

Bi Khursheed amepita miaka themanini, na kichwa chake ki kizima kuliko changu. Ngazi zake ni zilezile, na lile kabati la televisheni bado liko sebuleni, lile la miguu minne na milango miwili midogo mbele, ila sasa ndani mmepangwa sahani za wageni. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha mahali kwenye sakafu.

"Pale ndipo ulipokaa weye, beti, binti yangu. Yazid alikaa hapa, maana nilimtaka karibu na mkono wangu. Na Jaffar alikaa nyuma kabisa, mtoto mtaratibu."

Tukaanza kukumbushana. Yeye aliimba ya Povujema, mimi nikaimba ya Lulu. Aliponiuliza kama bado naweza kufa kifo cha mbu, nilimwambia, Bi Khursheed, mimi sasa ni bibi wa watu. Akanitazama tu. Basi nikafa, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, ndani ya buibui, juu ya kochi lake, na nikaaga kwanza kama ipasavyo. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sijui lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo mchana kweupe.

Tulipotulia nikamuuliza kuhusu biskuti.

"Hilo sijaliona," akasema. "Na mimi matangazo yote nayajua, maana nyinyi mlikuwa mwanipigia kelele za kila moja. Lilikuwa likionyeshwa saa ngapi?"

Hilo nililijua, maana Jaffar hulisema kila mara, kama alivyoambiwa na mjomba wake. "Baada ya vikaragosi, kabla ya mieleka."

Bi Khursheed akanitazama kama mtu anayemsikitikia mtoto wa chuo cha Kurani aliyesahau herufi ya alifu.

"Ruweida, baada ya vikaragosi kulikuwa na nini hapa kwangu?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na ndipo nikakumbuka. Baada ya vikaragosi kulikuwa na adhana. Vikaragosi vikipunga mikono, mwadhini naye yuwaanza. Bi Khursheed alikuwa akiinuka, anazima, anafunga ile milango miwili, anatia ufunguo katika pindo la mtandio wake na kulifunga fundo. Wavulana wakakimbilia msikitini, wasichana tukaswali nyuma yake chumba cha pili, na baada ya swala alikuwa na uradi wake usiokatizwa. Ufunguo ulipotoka tena fundoni, tuliwakuta wanamieleka wameshaloa jasho. Ilikuwa hivyo kila siku ya Mungu, na kwa kuwa ilikuwa kila siku, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitia maanani.

"Na wala si mimi pekee," akasema Bi Khursheed. "Kila nyumba yenye televisheni huku ilikuwa hivyo. Nani angekaa kutazama mashine wakati wa Maghribi? Tungeonekana watu gani?"

Nikakaa kwenye kochi lile nikihesabu upya miaka arobaini na mitano ya kumcheka mtu. Hao wa kiwanda walilipeleka tangazo lao katika nusu saa ile moja ambayo Mji wa Kale wote ulikuwa umeelekea kibla. Lingeweza kuonyeshwa mwaka mzima, kila jioni, na sisi tusilione. Huo haukuwa uthibitisho kwamba lilikuwapo. Lakini sababu yetu yote ya kumwita mwongo ilikuwa imeanguka hapo hapo.

Kisha likanijia jingine, nikatoka mbio mpaka Makadara.

Jaffar alikuwa akipanga vifungo katika visanduku vyake, vidogo kwa vidogo. Hakuinua kichwa. Nikamuuliza, "Maghribi siku zile ulikuwa ukiswalia wapi?"

"Msikitini, na baba. Kwani ningeswalia wapi?"

"Kila siku?"

"Wamjua baba alivyokuwa."

"Kwa hivyo weye mwenyewe tangazo lako hujaliona."

Akachukua kifungo kimoja, akakitazama pande zote mbili, akakiweka kisanduku kisicho chake. "Sijaliona," akasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mjomba aliniambia laonyeshwa. Lakini wamjua mjomba, hakupenda mtoto anune. Saa nyingine mimi husema, pengine walinitoa. Pengine yule mwenye matumbwitumbwi alipona wakamrudisha. Kisha naona haya kusema hivyo, maana nimeshalisema sana kwamba ni mimi."

Kumbe miaka yote hiyo, watu wakimcheka na mkewe akitazama dari, alikuwa akitetea kitu ambacho hata yeye hakuwa na hakika nacho. Nilimtolea kile kifungo nikakirudisha kwa wenziwe, nikaenda zangu.

Siku ya pili yake niliamka na fikira moja. Mombasa si sisi peke yetu, ingawa wa Mji wa Kale hupenda kujisahau. Wako waliokuwa hawaswali Maghribi, na kama walikuwa na televisheni basi iliwaka. Nilitaka kumpata mtu wa dini nyingine, wa umri wetu au zaidi, aliyeishi kisiwani miaka ile. Nilidhani nitaanza kwa kuuliza mtaa wa Tudor nyumba kwa nyumba kama mtu wa sensa. Lakini kwa kuwa ilikuwa Jumatano, siku yangu ya samaki, nilipitia kwanza bandari ya samaki ya Liwatoni.

Pale nina mtu wangu, Kombe, anayenipalia samaki magamba. Mikono yake ni myepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Alikuwa akinipalia changu wawili huku akinieleza habari za mke wa kakake, mara samaki mmoja akamponyoka akaanguka sakafuni.

"Innalillahi, biskuti yangu," akasema Kombe, akainama akamwokota, akaendelea na mke wa kakake.

Maneno hayo si kwamba sikuwahi kuyasikia. Nimeyasikia pale Liwatoni mara nyingi tu, nikadhani ni upuuzi wa wauza samaki. Lakini siku hiyo neno biskuti lilikuwa limekaa kichwani mwangu tangu Jumatatu.

"Kombe, umesema nini?"

"Nimesema yule mke hapiki."

"Kabla ya hapo. Hilo la biskuti."

Akacheka. "Ah, hilo ni mazoea tu, mama. Hapa kitu kikianguka, twasema hivyo."

"Mbona weye ni mtu wa kanisa?"

"Ndiyo, na bado nasema. Nilipokuja kazini niliwakuta wazee wanasema. Chombo kikianguka, innalillahi, biskuti yangu. Barafu ikianguka, vilevile. Mzee Kiti ndiye alikuwa akisema sana, yule aliyekuwa fundi wa mashine ya barafu. Sasa amestaafu, yuko Tudor kwa binti yake."

Nilichukua samaki wangu hata hawajamalizika kusafishwa.

Jaffar aliporudi kula mchana nilimpakulia kama kawaida. Hanin siku hiyo alichelewa kutoka skuli, tulikuwa sisi wawili. Nikaketi mbele yake, nikachukua ndimu, nikaiachia ikaanguka. "Innalillahi," nikasema, "biskuti yangu."

Mkono wake ulisimama hewani. Nimemwona Jaffar akizika wazazi wake wote wawili, lakini uso ule sikuwahi kuuona.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Kwani ni nini?"

"Ruweida, nani kakwambia maneno hayo? Sikumwambia mtu. Mjomba alikuwapo, na mjomba amekufa."

Hapo ndipo nilipomwamini, kabla hajaeleza lolote. Alipoeleza, alieleza akiitazama ile ndimu sakafuni. Ni kwamba alipochovya biskuti aliichelewesha, ikavunjika, nusu yake ikazama ndani ya chai. Naye akasema kile ambacho nyanyake alikuwa akisema kila kitu kikianguka nyumbani, kuanzia kijiko mpaka paa la jiko. Chumba kizima kikacheka. Bwana wa kamera alicheka mpaka akajishika magoti. Jaffar akalia, wakampa maboksi yake mawili, wakamwambia ahsante, nenda.

"Yale maneno ya chembe ya mwisho sikuyasema," akasema. "Nilifundishwa, lakini sikufika huko. Niliwaharibia kazi yao. Sasa ningerudi kichochoroni nikawaambie nini nyinyi? Nikawaambia vile ilivyotakiwa iwe."

"Kwa hivyo ulidanganya," nikasema.

"Hapo tu."

Nilicheka jamani. Sikukusudia, lakini nilicheka mpaka machozi, na yeye akaanza kununa kisha akashindwa, akacheka pia. Kipande pekee alichokificha kwa haya ndicho kipande pekee ambacho Mombasa ilikihifadhi. Nilipomweleza ya Kombe na wale wazee wa Liwatoni hakuamini mwanzo. Alinitaka nirudie mara tatu, tena kwa utaratibu, samaki alianguka vipi na Kombe alisema vipi.

Alhamisi, Hanin alipotoka skuli, tulipanda tuktuk watatu mpaka Tudor. Njiani nilimwonya Jaffar asifungue mdomo. Nilitaka Mzee Kiti aseme yote mwenyewe, asije mtu akasema tulimtia maneno. Nilikuwa nikimfikiria Yazid niliposema hivyo.

Binti yake Mzee Kiti alitupokea, ghorofa ya tatu, akatuketisha barazani penye upepo. Mzee mwenyewe ni mrefu, mwembamba, kavaa shati limepigwa pasi. Baada ya salamu na kuulizana hali nikamwambia, mzee wangu, twataka kujua asili ya lile neno la biskuti mlilokuwa mkisema kazini.

Uso wake wote ukafunguka. Akaita aletewe kikombe cha chai na biskuti, biskuti yoyote ile.

"Kantini yetu ilikuwa na televisheni," akasema. "Zamu ya jioni ilikuwa ikila saa kumi na mbili na nusu. Sasa hapo kulikuwa na tangazo. Mashine ya barafu haiachwi peke yake, lazima mtu awepo, kwa hiyo tulikuwa tunapokezana. Leo zamu yangu kumwona mtoto, kesho zamu yako. Watu walikuwa wanagombana kwa hilo, mama. Kwa tangazo."

Kisha akaliigiza. Alikaa wima, mzee wa miaka themanini kasoro, akachovya biskuti kwenye chai, akaiinua, akaishikilia. Ikavunjika, ikazama. Mzee Kiti akatazama ndani ya kikombe kwa huzuni isiyo na mfano. "Innalillahi," akasema kwa sauti nyembamba ya kitoto, "biskuti yangu."

Hanin hakuweza kuvumilia. Yeye sikumwonya. "Huyo ni babu yangu," akasema, akamwonyesha Jaffar kwa kidole.

Mzee Kiti akaweka kikombe chini. Alimtazama Jaffar kwa muda, kwanza uso, halafu pande zote mbili za kichwa. Jaffar alikuwa ameketi magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeitwa na kadhi.

"Vua kofia," Mzee Kiti akasema.

Jaffar akavua.

"Masikio ni yayo hayo," Mzee Kiti akasema, na sauti yake ikabadilika. Akainuka, akampa mkono, na akiisha kuutoa akaurudisha tena akamshika kwa mikono miwili. "Tulikuwa tunasema huyu lazima ni mtoto wa Lamu. Kumbe ulikuwa hapa hapa, kituo kimoja tu cha basi."

Hapo Jaffar, niliyekuwa nimemkataza kusema, akasema. Alisema polepole.

"Mzee, nilikuwaje?"

"Vipi?"

"Kwenye televisheni. Nilionekanaje? Mimi sijaliona."

Mzee Kiti akarudi kitini. Hakucheka. Alielewa kwamba ameulizwa jambo kubwa, akajibu kama mtu anayetoa amana.

"Ulikuwa na kofia imekalia masikio. Kanzu yako ilikuwa na kifungo kimoja kimefungwa tundu la jirani yake. Ulikaa vizuri, mgongo umenyooka. Biskuti ilipoanguka ulisema ulilosema, halafu ukatia vidole viwili kwenye chai ukaitoa. Ukaila. Halafu ukatutazama, ukacheka. Ulikuwa na pengo hapa, jino la mbele. Ndipo sauti ya mtu mzima ikasema, tamu mpaka chembe ya mwisho."

"Nilicheka?"

"Ulicheka sana."

"Mimi nakumbuka nililia."

"Labda ulilia baadaye," akasema Mzee Kiti. "Lakini pale ulikuwa unacheka. Nimekuona mwaka mzima. Kila siku ulikuwa unacheka."

Jaffar akatikisa kichwa, akaitazama ile chai yenye makombo. Nilimwona anajaribu kukaa na yule mtoto mwenye pengo, kumzoea. Miaka arobaini na mitano alikuwa akimfikiria yuko kule Nairobi analia. Nilitaka kumshika mkono nikaona haya mbele za watu, kisha nikaona haya kwa kuona haya, nikamshika.

Hanin ndiye aliyerudisha mambo duniani. Alimuuliza Mzee Kiti kama kesho ana kazi. Mzee Kiti akasema yeye amestaafu tangu Hanin hajazaliwa. "Basi uje skuli kwetu," Hanin akasema, "saa tatu, uje na kikombe." Mzee akamwambia atakuja, na atakuja na Kombe pia, maana ushahidi wa mtu mmoja si ushahidi.

Tuliporudi, Hanin alikaa katikati yetu kwenye tuktuk akirudia maneno yale kila tukipita tuta. Jaffar alikaa kama mtu aliyeshiba. Tulipokaribia Makadara nikaona nikingoja tufike nyumbani nitapata sababu ya kutosema.

"Jaffar," nikasema, "nisamehe."

Neno hilo mimi halinitoki kwa wepesi. Tangu tuoane nadhani nimemwambia mara moja, na mara hiyo nilikuwa nimemwagia uji wa moto. Alinigeukia juu ya kichwa cha Hanin, na wallahi nililiona lile pengo, ingawa meno yake yote yamo.

"Sema tena," akasema. "Injini hii yapiga kelele."

"Umesikia vizuri sana."

"Sikusikia. Na dereva naye hakusikia."

Basi nikasema tena, kwa sauti ya kutosha, nisamehe mume wangu, sikukuamini na ulikuwa mkweli. Dereva akapunguza mwendo, akatutazama kwenye kioo chake. "Msamehe, mzee," akasema. "Huyu kasema mbele ya watu."

Jaffar akamwambia apitie kichochoro kile cha pili, polepole, mlangoni kwa Yazid, nami niseme mara ya tatu.